Sura ya Saba: Mseto

Neno mseto lilizaliwa jikoni kabla ya kufika zahanati. Mwenye kuupika huanza na choroko, kwa kuwa choroko ni ngumu na hutaka moto wa muda mrefu kuliko mchele. Huzichambua mawe, akaziosha, akazitia chunguni na maji, akangoja mpaka maganda yake yaanze kupasuka, ndipo autiapo mchele na tui na chumvi, akafunika chungu na kupalia makaa juu ya kifuniko. Kitokacho humo ni chakula kimoja kwa jina na kwa ladha, walakini mwenye kuitazama sahani yake huona kuwa mchele haukugeuka choroko wala choroko hazikugeuka mchele. Kila punje imebaki na umbo lake, na lau kimojawapo kingekosekana, kilichobaki kisingestahili jina hilo.

Mwaka 2006, Tanzania Bara ilipobadili dawa ya malaria, watu walilitwaa neno hilo wakaviita vidonge vipya dawa ya mseto, na jina likakaa kana kwamba lilikuwa likiingoja kazi hiyo. Sababu ya mabadiliko yenyewe ilikuwa ya huzuni. Klorokwini, iliyowatibu wazazi na babu zetu kwa bei ya chini, ilikuwa imeachwa tangu mwaka 2001 kwa kuwa vimelea vya malaria vilikuwa vimekuwa sugu hata haviumizwi nayo tena. Dawa ya pili ikawekwa mahali pake, nayo haikudumu. Vidonge vya mseto vina dawa mbili, artemeta na lumefantrini, zinazokishambulia kimelea kwa njia mbali mbali, na hikima yake ni kwamba kimelea kilichozaliwa na bahati ya kuiponyoka ya kwanza hakina budi kiwe kimezaliwa pia na bahati ya kuiponyoka ya pili, na vyenye bahati mbili kwa wakati mmoja ni adimu mno.

Hikima hiyo ni kongwe kuliko vidonge hivyo. Streptomaisini ilipojaribiwa Uingereza baada ya Vita Vikuu vya Pili kwa wagonjwa wa kifua kikuu, watu waliokuwa wakingojewa kufa walinyanyuka vitandani, kisha baada ya miezi wengi wao wakarudi kuugua kwa maradhi yale yale, ila safari hii vijidudu vyao havikuisikia dawa. Shifaa ya kudumu ikapatikana pale tu dawa ya pili na ya tatu zilipounganishwa nayo. Sehemu kubwa ya elimu hiyo ilikamilishwa katika hospitali za Afrika Mashariki, kwa wagonjwa wetu na waganga wetu wakishirikiana na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, katika miaka ya 1960 na 1970, nao ndio waliosaidia kuuthibitishia ulimwengu kuwa mchanganyiko mzuri wa dawa unaweza kukiponya kifua kikuu kwa miezi sita. Ni fadhila ambayo watoto wa shule zetu wangepaswa kuisoma, na ambayo mimi mwenyewe sikufundishwa.

Katika sura hii nataka kusimulia jinsi hikima hiyo ilivyohamishwa kutoka kwenye vidonge ikaingia katika silaha ya namna nyingine, ambayo ni kingamwili, dhidi ya adui mwepesi zaidi kubadilika, ambaye ni kirusi. Na ninaloliamini nitalisema mapema, ili msomaji alipime kadiri tunavyokwenda: mseto wa kingamwili hupimwa kwa umbali wa mahali zinaposhika, na idadi yake ni jambo la baadaye. Waliochanganya kwa kuhesabu tu, kirusi kiliwaonyesha kosa lao.

Yafaa kwanza tumjue adui. Tuseme yuko mwandishi wa khati katika Lamu ya kale, ameketi juu ya busati na kalamu yake ya mwanzi, ananakili utenzi wenye herufi elfu kumi. Katika khati ya Kiarabu, ambayo ndiyo wazee wa pwani walioandikia tenzi zao, ba na nuni zikiwa katikati ya neno hazipambanuki ila kwa nukta: ikiwa chini ni ba, ikiwa juu ni nuni. Mkono ukichoka na taa ikififia, nukta huhama, na neno likawa neno jingine. Aghalabu neno hilo jipya halina maana, na nakala ile huharibika. Pengine halidhuru kitu. Na mara moja katika nyingi sana huleta maana ambayo mtunzi hakuikusudia, nayo ikasomeka. Kirusi cha UKIMWI, yaani VVU, ni utenzi wa herufi zipatazo elfu kumi, na mwandishi wake ni mzembe kupita kiasi: hukosea herufi moja katika kila 30,000 hivi anazoandika, maana yake katika kila nakala tatu moja ina kosa, wala hana desturi ya kurudi nyuma kusahihisha. Kirusi cha Korona kina utenzi mrefu mara tatu, herufi karibu 30,000, na chenyewe kina msahihishaji apitiaye kazi yake. Lakini kwa kuwa kiliwaingia watu kwa mamia ya milioni, hata makosa machache ya kila nakala yalijumlika yakawa bahari.

Sasa na tuhesabu, kwa maana hapa hesabu ndiyo habari yenyewe. Mwaka 1996 watafiti wa New York na Los Alamos, huko Marekani, walikadiria kuwa katika mwili wa mtu mwenye VVU asiyetumia dawa huzaliwa virusi vipya vipatavyo bilioni 10 kila siku. Ikiwa kila herufi hukosewa mara moja katika nakala 30,000, basi hakuna herufi hata moja katika utenzi ule isiyokosewa mara nyingi sana baina ya jua kuchomoza na kuchomoza tena. Watu husema kirusi "hujifunza" kuishinda dawa, na usemi huo hupoteza. Kirusi hakijifunzi kitu. Kile kitakachoiponyoka dawa ya kesho yumkini kimo mwilini leo, kimejificha katika umati wa wenzake, hakina ubora wowote juu yao. Dawa ikija ikawafyeka wale, huyu hubaki peke yake uwanjani, na baada ya wiki chache uzao wake ndio unaojaza mwili. Lakini ikiwa ili kuponyoka hana budi awe na makosa mawili maalumu katika nakala moja, nasibu yake ni moja katika 30,000 mara 30,000, yaani moja katika milioni 900. Na ikiwa ni makosa matatu, ni moja katika trilioni 27. Daraja ya kwanza hupandwa kila siku, ya pili hufikiwa mara chache, na ya tatu ni adimu mno katika mwili mmoja. Katika tofauti ya namba hizo tatu umelala uhai wa mamilioni ya watu wanaomeza leo vidonge vyenye dawa tatu za kufubaza VVU, wakalea watoto wao na kuwaoza.

Kingamwili nazo zina hesabu yao. Ni protini ambazo mwili huziunda ukikutana na mgeni mbaya, na umbo la kila moja ni kama panda ya manati: mpini mmoja na ncha mbili, na ncha hizo zimechongwa kwa namna ya kushika mahali pamoja tu katika mwili wa adui, mahali padogo mno, ambapo kubadilika kwa kipande kimoja huweza kuufanya mkono uteleze. Mwaka 1890 mjini Berlin, Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato walionyesha kuwa maji ya damu ya mnyama aliyezoeshwa sumu ya pepopunda humlinda mnyama mwingine asiyezoeshwa, na tangu hapo waganga wakawa na tamaa ya kuichukua kinga ya aliyepona kumpa anayeugua.

Tamaa hiyo ilifika Kikwit, mji wa Kongo, mwaka 1995. Homa ya Ebola ilikuwa imewashika watu 315 na kuwaua wanne katika kila watano, na hapakuwa na dawa ya aina yoyote. Tabibu Jean-Jacques Muyembe, ambaye mwaka 1976 alikuwa amefika Yambuku siku za mwanzo kabisa za maradhi hayo, kabla hata hayajapewa jina, aliona pamoja na wenzake kuwa waliopona wanatembea na kitu katika damu yao ambacho wanaokufa hawana. Wakawaomba baadhi yao damu, wakawatilia wagonjwa wanane. Saba walipona. Wataalamu wa ng'ambo walisita, na kusita kwao kulikuwa na hoja: hapakuwa na wagonjwa wa kulinganishwa nao, na waliotiliwa damu huenda walikuwa wamekwisha kuvuka siku mbaya zaidi. Jambo likawekwa kando, lakini Muyembe hakulisahau.

Nataka msomaji aitazame chupa ile ya damu kwa karibu. Ndani yake hamkuwa na kingamwili moja. Mlikuwa na za aina nyingi, kila aina ikishika mahali pake juu ya kirusi, hii ikishika utosini, hii ubavuni, hii mguuni, nyingine hodari, nyingine dhaifu, nyingine zisizofaa kitu. Ulikuwa mseto uliopikwa na maumbile yenyewe. Upungufu wake ni kuwa hakuna chupa mbili zilizolingana, wala hakuna ajuaye kipimo chake, wala damu ya waliopona haiwezi kuwatosha wote wanaougua.

Dawa ya upungufu huo ilikuwa imekwisha kupatikana Cambridge mwaka 1975, pale Georges Köhler na César Milstein walipoiunganisha seli ya panya itengenezayo kingamwili na seli ya saratani isiyochoka kuzaliana, wakapata chemchemi ya kingamwili ya aina moja, safi, isiyokauka. Hapo tiba ilipata kipimo na uhakika ambao damu ya Kikwit haikuwa nao, na kwa magonjwa mengi, kama saratani na maradhi ya viungo, neema hiyo haikuwa na kasoro kubwa. Kwa kirusi ilikuwa nayo. Katika kuisafisha damu mpaka ikabaki kingamwili moja, tuliitupa ile hali ya kuwa na walinzi wengi mahali pengi, ambayo labda ndiyo iliyokuwa nguvu yake. Na miaka arobaini iliyofuata, kwa upande wa virusi, imekuwa ni safari ya kuirudisha kwa kujua tulichokuwa tumekipata kwa bahati.

Walioianza safari hiyo mapema ni watafiti wa VVU. Katika Chuo Kikuu cha Rockefeller mjini New York, kundi la Michel Nussenzweig lilikuwa limetoa katika damu ya watu wachache mno kingamwili zenye uwezo wa kushika aina nyingi za VVU duniani. Mwaka 2012 walieleza jinsi walivyozijaribu kwa panya waliopandikizwa seli za kinga za binadamu. Ukimpa panya kingamwili moja, kirusi hushuka, kisha hurudi, na ukikisoma kirusi kilichorudi utakuta herufi zake zimebadilika pale pale kingamwili ilipokuwa ikishika. Walipowapa panya kingamwili tano kwa pamoja, kirusi kilishuka chini ya kiwango ambacho vipimo huweza kukiona. Kwa wanadamu mambo yalikuwa vivyo hivyo. Waliokubali kusimamisha vidonge vyao huku wakipewa kingamwili moja iitwayo VRC01 walikaa wiki kama nne hadi sita, kirusi kikarejea. Na mwaka 2018 Rockefeller wakatangaza kuwa waliopewa mbili, zinazoshika mahali mbali mbali pa mwiba wa VVU, yaani protini ichomozayo juu ya kirusi, na ambao virusi vyao havikuwa tayari na usugu, walikaa kwa wastani wa wiki 21, na hakuna hata mmoja wao ambaye kirusi chake kilizishinda zote mbili. Wale wachache ambao ndani yao mlikuwa na virusi vilivyokwisha kuwa sugu kwa mojawapo, kirusi kiliwarudia mapema. Kwao mseto ulikuwa wa jina. Kwa kweli walikuwa wamepewa dawa moja.

Na kingamwili hiyo moja ya VRC01 ilipimwa pia kama kinga, na hapa siwezi kupita haraka, kwa sababu waliojitolea walikuwa ndugu zetu. Wanawake 1,924 wa nchi za kusini na mashariki mwa Afrika, Kenya na Tanzania zikiwamo, walikubali kuja kituoni kila baada ya wiki 8, wakatundikiwa dripu mara 10, nusu yao na zaidi wakipewa kingamwili na waliobaki wakipewa maji tu, bila mmoja wao kujua apewacho ni kipi. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021. Kwa jumla kinga haikuonekana. Lakini watafiti walipovichambua virusi vya walioambukizwa, walikuta kwamba vile ambavyo VRC01 huvimudu vilikuwa vimezuiwa kwa kiasi cha asilimia 75, na visivyoisikia, ambavyo ndivyo vingi, vilipita kana kwamba mlangoni hapana mtu. Mlinzi mmoja hodari alikuwa ameilinda njia moja katika mji wenye njia nyingi. Hilo tusingelijua kwa yakini lau si mikono ya wanawake wale iliyonyooshwa mara kumi kumi.

Kisha ikaja Korona, na jaribio ambalo kwangu ni la kupendeza kuliko yote kwa uwazi wake. Ilikuwa mwaka 2020, katika maabara za kampuni ya Regeneron, jimbo la New York. Watafiti walichukua kirusi cha mifugo wakakivisha mwiba wa Korona, kisha wakatwaa sahani za plastiki zenye vijishimo, kila kijishimo kikiwa na utando mwembamba wa seli hai chini yake. Walitia kingamwili kwa vipimo vinavyopungua kutoka kijishimo hadi kijishimo, wakatia kirusi, wakangoja siku chache, wakatazama kwa darubini. Kirusi kilipozuiwa utando ulibaki mzima kama uso wa maziwa yaliyotulia. Kilipopenya utando ulitoboka na kunyauka. Wakakichukua kirusi kilichookoka mahali penye dawa nyingi kuliko pengine pote kilipookoka, wakakipeleka kwenye sahani mpya, wakaanza tena. Kwa kingamwili moja moja, hata zile hodari kabisa, haikuchukua duru nyingi kabla kirusi hakijaogelea katika dawa bila kudhurika.

Wakajaribu mbili mbili, na hapa ndipo penye moyo wa sura hii. Walipoziunganisha kingamwili mbili zinazogombea mahali pamoja juu ya mwiba, badiliko la herufi moja lilitosha kuzitelezesha zote mbili. Walipoziunganisha mbili zinazoweza kushika kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, pasipo moja kumsogeza mwenzake, kirusi hakikupata pa kutokea. Idadi ilikuwa ile ile, mbili na mbili. Kilichotofautiana ni pale zinaposhika. Atiaye mchele wa Kyela na mchele wa Mbarali katika chungu kimoja ametia michele miwili, lakini atakachopakua ni wali.

Jozi hiyo ya pili, kasirivimabu na imdevimabu, iliruhusiwa Marekani kwa matumizi ya dharura mwezi wa Novemba 2020. Mwezi huo huo iliruhusiwa pia bamlanivimabu, kingamwili ya kampuni nyingine, ikitumiwa peke yake, na mwezi wa Aprili 2021 ruhusa ya kuitumia peke yake ikaondolewa, kwa kuwa aina za Korona zisizoisikia zilikuwa zimeenea. Nilitamani niishie hapo, kwa kuwa hoja yangu ingependeza. Lakini mwezi wa Novemba 2021 wataalamu wa Botswana na Afrika Kusini, kwa uangalifu ambao dunia iliwalipa kwa kuwafungia viwanja vya ndege, waliitambua Omikroni, yenye mabadiliko zaidi ya 30 katika mwiba wake peke yake, na jozi ile ya Regeneron ikapoteza nguvu kwa pamoja. Januari 2022 matumizi yake yakasimamishwa kwa wagonjwa wa aina hiyo.

Je, hesabu ilituhadaa? Hasha. Hesabu tuliyoifanya ilikuwa ya kirusi kilichofungiwa ndani ya mwili mmoja mbele ya dawa mbili, na kwa hesabu hiyo mseto ulitimiza ahadi yake. Omikroni haikutoka katika sahani ya Regeneron wala haikuhitaji kuiona dawa yao. Ilipikwa katika ulimwengu wenye mabilioni ya watu, ambao miili yao, kwa kuugua na kwa kuchanjwa, ilikuwa inakisukuma kirusi kutoka pande zote kwa miaka miwili, na mahali palipobadilika zaidi ni hapo hapo utosini mwa mwiba, ambapo kingamwili bora za watu wengi hupenda kushika. Dawa ilikuwa imechagua mahali pazuri ambapo kila mtu alikuwa amekwisha kupachagua. Kwa hiyo umbali baina ya kingamwili mbili ni sharti la kwanza tu. La pili ni kuwa angalau moja ishike mahali ambapo kirusi hakiwezi kupabadili ila kwa kujivunja miguu.

Sharti hilo la pili ndilo linalonirudisha Kongo. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa Kivu Kaskazini, katika nchi ya vita, na kabla ya kutangazwa mwisho wake Juni 2020 ilikuwa imewashika watu 3,470 na kuwaua 2,287. Beni na Butembo ni miji ambamo Kiswahili husikika sokoni, na maneno ya hofu yaliyosemwa humo siku zile tungeyaelewa bila mkalimani. Vituo vya tiba vilichomwa moto na kushambuliwa. Watu waliwaona ndugu zao wakiingizwa na hawakuwaona wakitoka. Katika kituo cha Beni walijenga vyumba vya plastiki angavu, ambavyo mke aliweza kusimama nje, hatua mbili kutoka kitandani, akamtazama mumewe usoni na kuzungumza naye, na muuguzi akaweza kumhudumia mgonjwa kwa mikono iliyopenya ukutani katika glavu ndefu bila kuvaa mavazi yale mazito yanayotisha watoto.

Humo, na katika vituo vya Butembo, Katwa na Mangina, Muyembe na taasisi yake ya utafiti ya Kinshasa, pamoja na wenzao wa Marekani na mashirika ya tiba, walianza Novemba 2018 kupima dawa nne kwa kura. Moja ilikuwa remdesivir, ambayo si kingamwili. ZMapp, iliyooteshwa katika mmea wa jamii ya tumbaku, ilikuwa mseto wa kingamwili tatu. REGN-EB3 nayo ilikuwa mseto wa tatu. Ya nne, mAb114, ilikuwa kingamwili moja peke yake. Kwa anayehesabu idadi, dau lingewekwa juu ya zile mbili zenye tatu tatu. Agosti 2019, wagonjwa 681 walipokuwa wamekwisha kuandikishwa, wasimamizi walisimamisha kura, kwa kuwa ukweli ulikuwa umedhihiri: katika waliopewa ZMapp walikufa karibu nusu, asilimia 49.7, na wa remdesivir asilimia 53.1, wa REGN-EB3 walikufa asilimia 33.5, na wa ile kingamwili moja asilimia 35.1. Na katika waliofika wakiwa na kirusi kichache katika damu, wakapewa mojawapo ya dawa hizo mbili bora, alikufa kama mmoja katika kumi, katika maradhi ambayo Kikwit yaliwaua wanne katika kila watano.

Ninapolitazama jedwali hilo sioni kuwa linaupinga mseto. Kingamwili tatu za REGN-EB3 ziliteuliwa ili zishike mahali patatu mbali mbali kwa wakati mmoja. Katika ZMapp, mbili kati ya tatu hushika karibu mahali pamoja, chini kabisa ya protini ya kirusi, zikigombea nafasi. Sisemi hiyo ndiyo sababu ya matokeo yake, kwa kuwa vipimo na namna ya kuitoa vilitofautiana pia, lakini hata kabla ya jaribio hilo, mwaka 2015, ilikwisha kuonekana kwa kima waliotibiwa kwa mseto ulioitangulia ZMapp kwamba Ebola huweza kubadilika ikaponyoka kingamwili zake. Na mAb114 ilisimama peke yake bila kuaibika kwa kuwa hushika kiini kile ambacho kirusi hukitumia kufungulia seli, kilichofichwa chini ya sukari nyingi, na ambacho kikibadilika sana hakifungui tena.

Kwa hiyo ningekuwa na uwezo ningewataka watengenezaji wa dawa zijazo waanze na moja kama hiyo, kisha watafute wa kuiunga mkono kutoka upande mwingine. Kazi hiyo imekwisha kuanza. Kirusi cha Ebola cha aina ya Sudan kilipozuka Mubende, Uganda, Septemba 2022, dawa za Beni hazikuwa na msaada, kwa kuwa ziliundwa kwa aina ya Zaire. Lakini ulikuwapo mseto mpya wa kingamwili mbili, MBP134, uliobuniwa ushike sehemu ambazo aina mbali mbali za Ebola huzishiriki, na baadhi ya wagonjwa walipewa.

Nimebakiwa na habari ya mAb114 ilikotoka. Mwaka 2006, miaka 11 baada ya maradhi ya Kikwit, mmoja wa waliopona aliombwa damu tena. Alikuwa mzima, anaishi maisha yake, na watafiti hawakuwa na hakika kama mwili wake bado unakumbuka. Damu yake ilisafiri mpaka maabara za Marekani na Uswisi, ambako katika seli nyingi mno zilizopekuliwa moja moja zilionekana chache zilizokuwa bado zikikumbuka kutengeneza kingamwili dhidi ya Ebola, na mojawapo ikaitwa 114. Katika mwaka 2019, katika chumba cha plastiki mjini Beni, mbele ya jamaa aliyesimama nje na kiganja chake juu ya ukuta angavu, dripu iliyokuwa ikidondoka polepole katika mshipa wa Mkongo mmoja ilikuwa imebeba kitu ambacho mwili wa Mkongo mwingine ulikibuni miaka 24 nyuma, ulipokuwa unapigania roho yake bila dawa yoyote.